Wembe si dawa ya vivimbe vya ngozi

MAMA mmoja mwenye umri wa miaka 52 aliingia katika zahanati yangu mwaka jana akiwa amejitanda leso hadi machoni. Alipoifunua, niliona mashavu yake yote mawili yamejaa vidonda vidogo vidogo, vingine vibichi na vingine vimeanza kufanya vigaga. Nilidhani ameungua kwa mafuta ya kupikia. "La, daktari," akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa nikitoa vile vidoa vyeusi. Binti yangu anaolewa wiki kesho na sikutaka kusimama mbele ya wakwe nikiwa na uso wa madoa."

Dawa aliyotumia ilikuwa majimaji ndani ya kichupa kisicho na jina. Aliuziwa na mwanamke anayezunguka maofisini na vipodozi, akaelezwa apake kidogo kwa ncha ya njiti ya kiberiti na asubiri. Sina shaka ilikuwa asidi ya aina fulani. Vidoa vilitoka, hilo siwezi kulikana. Lakini mahali pake pamebaki mabaka meupe ambayo mpaka leo huyafunika kwa poda, na chini ya taya, ambako majimaji hayo yalitiririka, pameota kovu nene lililoinuka. Picha za arusi alikuja kunionyesha baadaye. Katika zote ameinamisha uso.

Wiki iyo hiyo nilimpokea mzee wa miaka 61, mkulima, aliyeletwa na mwanawe wa kiume. Yeye hakuja kwa sababu ya ngozi. Alikuja kwa sababu ya mtoki: kinena chake cha kulia kilikuwa kimevimba kwa miezi miwili na hakikuwa na maumivu. Kila anayevimba kinena mimi humwambia avue viatu, kwani mtoki wa kinena mara nyingi huwa na asili yake mguuni. Chini ya kisigino cha kulia palikuwa na kovu la zamani, na pembeni mwa kovu hilo palikuwa na weusi usiokuwa na mpaka mzuri, kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Nikamwuliza ni nini. "Palikuwa na sugu nyeusi," akasema. "Nilidhani ni mwiba ulioozea ndani. Nikaenda wakanikata, wakanishona, basi." Nikamwuliza ile nyama waliyoikata waliipeleka wapi. Akacheka. "Daktari, nyama ya kisigino itapelekwa wapi? Niliona ikitupwa ndooni."

Nimewataja wagonjwa hawa wawili pamoja kwa sababu kati yao kuna makosa yote mawili ninayoyaona karibu kila wiki. Mama alikuwa na kitu kisichokuwa na madhara yoyote, akajiumiza kwa kukiondoa. Mzee alikuwa na kitu cha kuogopwa, nacho kilikatwa na kutupwa kama takataka. Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kutibu watu wa kawaida, ni kwamba sisi hupambana na vivimbe visivyofaa kupambana navyo, na wale wabaya tunawaacha wapite. Naamini jambo hili laweza kurekebishwa, na halihitaji mashine za bei ghali.

Tuanze na vile vidoa vya mama, kwa kuwa pengine hata wewe msomaji unavyo au mama yako anavyo. Ni vivimbe vidogo vyeusi au vya rangi ya kahawia, ukubwa wa kichwa cha pini hadi punje ya ulezi, vinavyoota mashavuni, kuzunguka macho na wakati mwingine shingoni. Jina lake la kitabuni ni refu, la Kilatini, na maana yake ni ugonjwa wa ngozi wa vivimbe vyeusi. Aliyevieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1925 ni daktari Mwitaliano, Aldo Castellani, yule yule aliyekuwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 akichunguza ugonjwa wa malale. Huwapata zaidi watu weusi, na wanawake kuliko wanaume. Huanza ujanani, huongezeka kadiri umri unavyosonga, na hurithiwa: ukimwona nyanya anavyo, mtazame mjukuu baada ya miaka 30.

Mimi neno ugonjwa hapo silipendi. Hivi ni vijisehemu vya ngozi ya juu vilivyozidi kukua, basi. Havigeuki kuwa saratani, haviambukizi, havitokani na uchafu, wala havihusiani na ini kama wanavyodai wauza dawa wa stendi. Mtu anayevichukia anaweza kutolewa na daktari wa ngozi kwa kuchomwa kidogo kwa umeme au kukwanguliwa kwa kifaa maalumu, lakini daktari mwangalifu atatoa viwili au vitatu kwanza, tena mahali pasipoonekana sana, kisha asubiri majuma kadhaa aone ngozi yako inapona vipi. Sababu ni kwamba chembe zinazotia ngozi nyeusi rangi ni nyepesi kudhurika. Zikifa, panabaki baka jeupe. Zikichokozwa, panakuwa peusi zaidi ya awali. Anayekuahidi kutoa 60 kwa siku moja, saluni, hajui anachokifanya au hajali.

Neno moja tu la tahadhari. Mtu mzima ambaye hakuwa navyo kisha vikamzukia vingi mno katika majuma machache, vikimwasha, na huku anapungua uzito, huyo asikae nyumbani. Ni nadra, lakini ngozi wakati mwingine hutoa habari ya jambo lililoko tumboni.

Jamaa wa vidoa hivyo ni vinyama vinavyoning'inia shingoni, makwapani na chini ya matiti. Hivi navyo havina ubaya. Watu huvifunga kwa uzi au unywele wa mkia wa farasi ili vikauke na kuanguka, na mara nyingine hufaulu. Mara nyingine huja kwangu kwapa likiwa limevimba usaha. Kinachonishangaza ni kuwa watu hujishughulisha sana na kile kinyama na kusahau kuuliza kwa nini kimeota. Vinyama vingi vya shingoni, hasa vikiandamana na weusi wa ngozi nene kama mahameli kwenye kisogo, huonekana sana kwa watu wanene na kwa wale ambao sukari yao ya damu imeanza kupanda. Basi badala ya kununua uzi, pima sukari. Kipimo hicho ni cha dakika chache na chaweza kukuokolea figo na macho.

Bega langu la kushoto lina uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Nimekaa nao miaka 15. Mke wangu amekwisha kuchoka kuniambia niutoe. Ni uvimbe wa mafuta, ambao madaktari huuita lipoma: laini, hauumi, ukiusukuma kwa kidole huteleza chini ya ngozi, na hukua polepole sana hata usijue umekua. Hauna haja ya kisu isipokuwa unakusumbua au unakuaibisha. Lakini nikiuona unaanza kukua haraka, au umekuwa mgumu, au umeshika ndani kwenye msuli na hauchezi, au umepita sentimita 5, yaani karibu na ukubwa wa yai la kuku, nitakwenda kuutazamisha siku iyo hiyo. Kwa wengi hata huo utakuwa lipoma tu. Hata hivyo, kuna saratani za nyama laini zinazojifanya lipoma, na ukubwa na haraka ndizo alama zake.

Aina nyingine ya uvimbe wa chini ya ngozi una tundu dogo jeusi katikati. Ukiuminya hutoka kitu cheupe kama jibini, chenye harufu mbaya. Huu ni mfuko uliojaa ngozi iliyokufa. Watu huuminya kila Jumapili kwa furaha kubwa, nao hujaa tena kwa sababu mfuko wenyewe umebaki ndani. Siku moja unapasukia ndani, unavimba, unakuwa mwekundu, na hapo ndipo mtu anapokuja usiku analia. Ukitaka uishe, utolewe na mfuko wake mzima wakati umetulia, si wakati umewaka moto.

Sasa nataka kukaa kidogo kwa vijana na vinyozi, kwa sababu huku ndiko ninakoona madhara mengi yasiyo ya lazima. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa fupi mno, ncha yake kali huinama na kuingia tena ndani ya ngozi kama mwiba, na mwili huushambulia mwiba huo. Ndevuni vinatokea vipele vya kunyoa. Kisogoni, pale chini nywele zinapoishia, vinatokea vivimbe vigumu ambavyo vikiachwa huungana na kuwa kovu moja nene lisiloota nywele. Nimeona vijana wa miaka 25 ambao kisogo chao kimekuwa kama kipande cha mpira wa gari.

Na dawa wanayoipata ni ipi? Kinyozi huwaambia kwamba vipele vimetoka kwa sababu hakunyoa vizuri, kwa hiyo apitishe mashine karibu zaidi, halafu afute kwa spiriti. Kisha wiki ijayo tena. Ni sawa na kumwagia moto mafuta ya taa. Kijana mwenye vipele hivi anachohitaji kwanza ni kuacha kunyolewa hadi kwenye ngozi. Nywele ziachwe milimita chache, ule mstari wa kisogoni usichongwe kwa wembe, na kola ngumu na kofia zinazosugua ziwekwe kando. Ukifika kwa daktari mapema, kuna dawa za kupaka na za kumeza zinazotuliza. Ukifika kovu limeshakomaa, itabidi sindano kila mwezi na pengine upasuaji. Ninawajua vinyozi watatu mtaani kwetu ambao nimewaeleza jambo hili. Wawili wananisikiliza. Wa tatu anasema wateja wake wanataka kisogo kinachong'aa, naye hana hatia.

Fauka ya hayo, ngozi yetu ina tabia ya kuotesha keloidi, yaani kovu linalokua kupita jeraha lenyewe. Laweza kuanza miezi kadhaa baada ya jeraha kupona, na hupenda kifua, mabega, ndewe za masikio na taya. Kutoboa sikio kunatosha kulianzisha, na hata chunusi ya kifuani iliyotumbuliwa. Watu wakishaliona hutaka likatwe. Likikatwa peke yake, bila sindano za kutuliza au matibabu mengine ya kuandamana nalo, mara nyingi hurudi likiwa kubwa kuliko awali. Kwa hiyo mtu ambaye anazo keloidi, au wazazi wake wanazo, afikiri mara mbili kabla ya kumruhusu yeyote kugusa kivimbe chake kwa wembe, iwe ni muuguzi, kinyozi au mganga. Kivimbe cha bure kitakuwa kimebadilishwa kwa kovu la maisha.

Kwa watoto mambo ni mepesi. Chunjua za mikononi huletwa na kirusi, na kwa watoto wengi huondoka zenyewe katika muda wa miaka miwili hivi. Dawa ya chunjua ya dukani hufaa mkononi na wayoni. Usoni na sehemu za siri isiguswe. Kuna pia vivimbe vidogo vinavyong'aa kama lulu, vyenye kishimo katikati, ambavyo watoto huambukizana wakicheza au wakitumia taulo moja. Navyo huisha vyenyewe, ingawa huchukua miezi sita, mwaka, hata zaidi. Mama asimtumbue mtoto kwa sindano. Huko ni kuvisambaza.

Lakini vivimbe vivyo hivyo vya kishimo vikimjaa mtu mzima usoni, habari inageuka. Mtu huyo apimwe virusi vya Ukimwi, bila kumwonea haya wala kumhukumu, kwa kuwa kinga ya mwili iliyopungua ndiyo huviachia nafasi. Na kama ana virusi hivyo tayari, na vivimbe hivyo vimekuja pamoja na homa na kichwa kinachomwuma siku hadi siku, aende hospitali siku iyo hiyo. Kuna ukungu mmoja hatari unaoshambulia utando wa ubongo, nao huweza kutoa ngozini vivimbe vinavyofanana na vile vya watoto. Hapo kungoja Jumatatu ni kucheza na maisha.

Hali kadhalika kuna madoa ya zambarau au ya weusi wa damu iliyoganda, yasiyowasha wala kuuma, yanayoanza mguuni, puani au ndani ya kinywa kwenye kaakaa. Baadaye hunyanyuka yakawa vinundu na mguu ukavimba. Huu ni ugonjwa wa Kaposi, uliopewa jina la daktari aliyeueleza kule Vienna mwaka 1872. Kirusi kinachousababisha kiligunduliwa mwaka 1994. Huku kwetu Afrika Mashariki ulikuwepo hata kabla ya Ukimwi, miguuni mwa wanaume wazee, lakini Ukimwi uliusambaza na kuutia ukali. Nausema wazi kwa sababu unatibika vizuri ukigunduliwa ungali madoa machache. Kwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, wengine hupona kwa dawa za kupunguza makali peke yake. Wanaokufa ni wale waliopaka mafuta ya mitishamba kwa mwaka mzima.

Nirudi sasa kwa kisigino cha yule mzee. Tumezoea kusikia kwamba saratani ya ngozi ni ya Wazungu, inayoletwa na jua. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hukingwa na rangi yake, na kwamba saratani nyeusi ya ngozi, iitwayo melanoma, ni nadra kwetu. Lakini inapotupata haitafuti mahali penye jua. Hutokea wayoni, kiganjani na chini ya kucha, mahali ambapo ngozi yetu haina weusi mwingi na ambapo hapana mtu anayetazama. Bob Marley, ambaye nyimbo zake bado zinapigwa katika matatu zetu, alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alidhani ni jeraha la kandanda. Iligunduliwa mwaka 1977, akashauriwa akatwe kidole lakini hakukubali, na mnamo Mei 11, 1981 akafariki huko Miami akiwa na umri wa miaka 36.

Kwa hiyo tazama nyayo zako. Nasema hivi kwa wakulima na kwa wale wanaokaa ofisini pia. Usiku ukioga, inua mguu utazame, na kama mgongo haukuruhusu, mwambie mke au mume akutazamie. Doa jeusi la miaka mingi ambalo halibadiliki si neno. Watu weusi wengi wana madoa nyayoni. Linalonitia wasiwasi ni doa jipya kwa mtu mzima, au la zamani linalopanuka, lenye kingo zilizochakaa, rangi mbili tatu ndani yake, linalotoa damu au lililofanya kidonda. Wayo ukifanya "sugu" nyeusi upande mmoja tu, isiyolingana na mahali kiatu kinapobana, usiiite sugu. Kadhalika kucha. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu wa rangi yetu na huongezeka uzeeni. Mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka na weusi wake kuvuka hadi kwenye ngozi iliyo pembeni, uonyeshe.

Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, yaani albino, kwao hesabu ni tofauti kabisa. Kwao jua ndilo adui, na saratani huwaanza wakiwa vijana, usoni, masikioni, shingoni. Gaga lisilopona kwao lisingojwe hata mwezi mmoja. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia mafuta ya kuzuia jua, na ni haki yao kuyaulizia hospitalini. Wengine wanaopaswa kuwa macho ni wale wenye makovu makubwa ya moto au vidonda vya miguu vya miaka mingi. Kovu la zamani likianza kuota nyama kama koliflawa, au kutoa harufu na damu, si kidonda tena.

Niseme pia, kwa kupita, kwamba baka lenye rangi hafifu ambalo ukiligusa kwa pamba hulisikii laweza kuwa ukoma. Ukoma haujaisha nchini, dawa yake hutolewa bure, na ukitibiwa mapema hauachi ulemavu. Na uvimbe wa tezi shingoni uliopita majuma mawili au matatu bila kupungua si jambo la ngozi. Huko upimwe kifua kikuu, ambacho nacho matibabu yake ni bure katika hospitali za serikali.

Yule mzee nilimpeleka hospitali kubwa. Walichukua kipande kidogo kutoka kwenye mtoki, na majibu yalikuwa kama nilivyohofia. Jamaa zake walinilaumu. Walisema baba alikuwa akitembea mpaka alipoguswa kwa kisu, na kwamba kisu ndicho kilichoisambaza. Imani hii imeenea kila mahali, nami naielewa inatoka wapi: mtu huletwa hospitali akiwa amechelewa, anakatwa kipande, miezi michache baadaye anakufa, na kipande ndicho kinachobeba lawama. Lakini kuchukua kipande cha ngozi kwa uchunguzi hakuisambazi saratani ya ngozi. Kilichoisambaza kwa mzee ni muda uliopita kati ya siku ile nyama ilipotupwa ndooni na siku kinena kilipovimba. Laiti ingalipimwa, tungalijua siku zile zile, na pengine angalikatwa zaidi kisigino na kuishi. Alikufa baada ya miezi saba. Mwanawe huja kwangu mara mbili kwa mwaka, na huvua viatu kabla sijamwambia.

Hapa sharti niwageukie wenzangu wa taaluma, nikijihesabu miongoni mwao. Madaktari wa ngozi nchini ni wachache na wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Mgonjwa wa kijijini atamwona afisa wa kliniki au muuguzi, na wengi wa hawa ni watu hodari. Wako waliopitia mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika kituo cha Moshi, Tanzania, ambacho kimekuwa kikiwafundisha watumishi wa afya wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Lakini hodari au la, sote tuna tabia mbaya mbili. Ya kwanza ni kumtazama mgonjwa akiwa amevaa viatu na soksi. Ya pili ni kukata kivimbe na kukitupa kwa sababu tunaona ni kidogo, au kwa sababu mgonjwa hana pesa za maabara na tunaona haya kumtajia. Mimi nashikilia kwamba kivimbe chochote chenye shaka kinachostahili kukatwa kinastahili kupimwa. Kama hatuna njia ya kukipima, basi tusikikate; tumwandikie mgonjwa barua aende panapoweza kupimwa.

Na wewe msomaji usikae kimya. Kabla hujaenda, piga picha ya kivimbe chako kwa simu, ukiweka sarafu ya shilingi kumi kando yake ili ukubwa uonekane, kisha piga nyingine baada ya mwezi mmoja. Picha hizo mbili zitamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Lakini usingoje mwezi huo ikiwa kivimbe kinatoa damu, kimefanya kidonda kisichopona kwa majuma manne, au kinakua ukikiona kwa macho. Ukifika, mwonyeshe daktari mahali pote, hata kama amekuuliza pamoja tu. Akisema ni cha kukatwa, mwulize kwa heshima: kitapelekwa maabara ipi, nitalipa kiasi gani, na majibu nije kuyachukua lini? Kama huna uwezo, omba kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo kabla ya siku ya kukatwa, wala si baadaye. Na siku yenyewe, kabla hujatoka chumbani, omba uonyeshwe kichupa chenye dawa ya fomalini, kipande chako kikiwa ndani na jina lako limeandikwa juu yake.